Ndugu wakisafiri milimani, wasifichane maumivu
Barabara ya Manali hadi Leh, kaskazini mwa India, hupanda Himalaya kupitia Baralacha La, kisha Tanglang La, zaidi ya mita 5,300 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi: kichwa huuma, tumbo huchafuka, usingizi hupotea.

Ndugu wakisafiri pamoja, hatari huongezeka wakifichana. Mdogo hunyamaza asionekane dhaifu. Mkubwa naye huona aibu kurudi nyuma.

Mzazi, waambie kabla hawajaondoka: anayeumwa aseme, na asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema akiwa amekaa tu, washuke mara moja, hata kama ni usiku. Milima haihami, na ndugu hanunuliwi dukani.