Mtoto Aendaye Ng'ambo Alindwe na Mkataba

Mwananchi wa Ilala akimpa dada yake mtoto amlee, haandiki karatasi. Mtoto aweza kukaa Buguruni kwa mama mkubwa hata akamaliza shule, na jina la baba yake likabaki lile lile, na siku ya msiba ukoo ukamwita. Hayo ndiyo malezi tuliyoyazoea. Kuasili mtoto kwa sheria ni jambo jingine kabisa, na wapo wazazi wa Afrika Mashariki walioliingia wakidhani ni lile la kwanza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haifichi neno. Mahakama ikitoa amri ya kuasili, haki na wajibu wa mzazi aliyezaa hukoma, hata zile za mila. Kwa hiyo mahakama hupaswa kuhakikisha kwanza kwamba mzazi ameelewa kuwa anaziachia haki zake daima, na kwamba hapana fedha iliyopita mkono kwa mkono.

Kwa mgeni, sheria hiyo ilipotungwa iliweka masharti makali zaidi. Awe amekaa Tanzania miaka 3 mfululizo. Awe amemlea mtoto huyo miezi isiyopungua 3 chini ya macho ya Afisa Ustawi wa Jamii. Asiwe na hatia ya jinai. Wakuu wa kwao wathibitishe kwamba afaa. Na nchi yake iwe tayari kuitambua amri ya hapa. Juu ya hayo yote, ionekane kwamba mtoto hakupata namna ya kufaa ya kutunzwa humu humu nchini.

Wako wanaolalamika kwamba miaka 3 ni mingi mno. Tunawaomba watazame kwa jirani. Uganda nayo ilikuwa na sharti la miaka 3, lakini kando ya mlango ule mzito liliachwa dirisha wazi: mgeni aliomba amri ya ulezi tu, akaondoka na mtoto, akaenda kumuasili kwao. Wazazi waliambiwa mtoto anakwenda kusomeshwa, atarudi. Dirisha hilo lilifungwa mwaka 2016, wageni walipozuiwa kupewa ulezi. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji 2 wa Uganda kwa tuhuma za kushiriki katika biashara hiyo. Ethiopia ilikwisha kufunga mlango wote mwaka 2018.

Sheria ya nchi hukoma mpakani, na mtoto akiisha kuvuka, aliye nyuma hana mkono wa kumfikia. Ndipo yanapohitajika mapatano ya serikali kwa serikali. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 huitaka kila nchi iweke mamlaka moja ya kusimamia kazi hii. Hukataza ridhaa ya mama isitolewe kabla hajajifungua. Na amri iliyofuata mkataba hutambuliwa na wanachama wote. Burundi, Kenya na Rwanda zimo. Tanzania haimo, ingawa imeridhia Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990, unaosema kwamba kuasiliwa ng'ambo ni njia ya mwisho na kuzihimiza serikali zipatane.

Kuingia peke yake si dawa. Kenya iliingia mwaka 2007, na mwaka 2014 ikaona hapana budi kusimamisha kazi yote. Hata hivyo twaona yafaa Tanzania iingie, ila sharti la miaka 3 lisiguswe.

Mama wa Kariakoo aliyempeleka mwanawe katika makao ya watoto kwa dhiki ya mwaka mmoja hakumtoa mwanawe. Akiletewa karatasi ya kutia dole gumba, aulize mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii: mtoto huyu atarudi lini? Akijibiwa kwamba hatarudi, basi hayo si malezi, ni kuasili, naye anayo haki ya kukataa.