Mchanga Kwenye Kiroba: Hesabu za Usafi wa Mitaa Babati

Chukua kiroba kimoja cha taka zilizofagiliwa kwenye mtaa wa vumbi mjini Babati, ukimwage chini. Juu utaona maganda ya miwa, vizibo vya soda, vifuko vya karanga na vocha zilizokwanguliwa. Ukizisogeza, zilizobaki ni mchanga. Ufagio umeukwangua pamoja na uchafu, mfagiaji ameuzoa, toroli limeusukuma hadi kizimbani, na mwisho gari litachoma dizeli kuupeleka dampo. Kila ninapokaa kuhesabu biashara ya usafi katika mji huu narudi kwenye mchanga huo, kwa sababu gharama kubwa ya usafi haiko kwenye kufagia. Iko kwenye kubeba.

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, na hapohapo ndipo anapochepuka anayekwenda Singida. Mabasi yanashusha watu, watu wanakula, wanatupa. Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 93,000 katika halmashauri ya mji; ya 2022 ikakuta karibu 130,000. Benki ya Dunia inakadiria kuwa mtu mmoja kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa watu wa Babati hiyo ni karibu tani 60 kila siku. Tuondoe nusu nzima, maana wengi wa pembezoni bado wana shamba la kufukia na mifugo ya kulisha. Zinabaki tani 30, yaani safari nne hadi tano za tipa la tani saba, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Sheria inaupa mzigo huo mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Namna ya kulitimiza ndiyo iliyobadilika. Dar es Salaam ilianza kuikabidhi kazi ya kuzoa taka kwa kampuni binafsi mwaka 1994, na kuanzia 1998 vikundi vya wakazi vikapewa maeneo yao. Mtindo huo umesambaa katika miji mingi: kikundi kinazoa nyumba kwa nyumba na kukusanya ada, halmashauri inatoa gari la kutoka kizimbani hadi dampo.

Tuchukue kikundi kimoja cha mfano. Kina watu watano, nyumba 400, na ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni shilingi 800,000. Yeyote aliyewahi kugonga mageti kudai ada ya taka anajua kwamba nyumba sita katika kumi ni mwezi mzuri, kwa hiyo andika 480,000. Gawa kwa watano, kila mmoja 96,000. Hapo hujanunua glovu, buti, reki wala beleshi, hujaziba pancha ya toroli, na kama kuna asilimia ya kurudisha halmashauri, nayo haijatoka. Tunakitaka kikundi cha namna hii kitusafishie mji kabla jua halijachomoza, na kisha tunashangaa kinapovunjika baada ya mwaka.

Kwa nini hizo nyumba nne hazilipi? Nimewasikiliza majirani, na sababu yao si ubahili peke yake. Gari lisipopita wiki mbili, viroba vinajaa kizimbani, mbwa wanavichana, na mtu anaona bora achome taka zake uani. Jioni moshi wa plastiki unatanda mtaani, na mwezi unaofuata mwenye nyumba anauliza analipia nini. Anayeulizwa swali hilo ni mama wa kikundi aliyeshika kitabu cha risiti, ambaye hana gari, hana dizeli, na hana mamlaka juu ya dereva. Kikundi kimefanya sehemu yake yote, lakini mapato yake yanakatwa na sehemu isiyo yake. Kwangu hili ndilo kosa kubwa katika biashara hii, na halirekebishwi kwa kuongeza mifagio.

Gari lisipokuja, mvua ndiyo inayozoa. Zinapoanza kunyesha karibu na Novemba, mitaro huchukua kilichoachwa na kukiteremsha kuelekea Ziwa Babati, lile la viboko na sato, ambalo liko pembeni kabisa mwa mji. Wazee wanakumbuka ziwa lilipofurika na kuingia mjini mwaka 1990. Mtaro ulioziba chupa hauleti mafuriko ya aina ile, lakini unatosha kuingiza maji dukani kwa mtu na kumharibia magunia ya sukari, na hasara hiyo haiandikwi kwenye kitabu chochote cha usafi.

Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mitaro ilipata nafuu iliyoonekana kwa macho. Faini ya kukutwa nao ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000, na woga ulifanya kazi. Kisha vikaingia vifungashio, vile vyepesi vinavyopitisha mwanga, vikageuzwa mifuko ya kubebea nyanya na dagaa, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kuvikataza upya visitumike hivyo. Tembea sokoni leo asubuhi uhesabu mwenyewe vinavyopeperuka.

Chupa za maji na soda zina hadithi nyingine, kwa kuwa zina mnunuzi. Waokotaji wanazikusanya kwa salfeti, wenye mizani wanazipima, na zinasafirishwa kwenda miji yenye viwanda. Tatizo, kwa mara nyingine, ni kubeba. Kilo moja inahitaji chupa ndogo karibu 80. Lori la tani kumi ukilijaza chupa ambazo hazijabanwa litafurika kabla halijafika tani mbili. Umelipa nauli ya tani kumi kusafirisha hewa. Kutoka Babati hadi Arusha ni kama kilomita 170, na nauli hiyo ndiyo inayombana mwokotaji: mwenye mizani hawezi kumwongezea bei kwa kilo wakati faida yake inaliwa barabarani. Mashine ya kubana chupa zikawa marobota ingebadilisha hesabu yote. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mkopo mmoja wa mashine ya kubana, kwa kikundi chenye mkataba na mnunuzi, ningeuweka mbele ya mikopo mingi ya pikipiki.

Hata hivyo chupa ni sehemu ndogo ya uzito. Taka nyingi za miji yetu ni zile zinazooza: maganda ya ndizi, kabichi zilizochakaa, mabaki ya mama lishe, mabua. Sehemu ya hizi ina wateja tayari. Nenda nyuma ya vibanda vya chakula jioni uwaone vijana wenye baiskeli wakijaza ndoo za makombo ya nguruwe. Hawajasajiliwa popote, hawalipwi na mtu, na wanaipunguzia halmashauri mzigo kila siku ya Mungu. Mji huu umezungukwa na mashamba ya mahindi, mbaazi na alizeti. Mboji ya sokoni haina safari ndefu ya kumfikia mkulima. Anaitaka tu iwe haina wembe wala vipande vya chupa. Maana yake itenganishwe pale inapozaliwa, kwenye meza ya muuza mboga, kwa ndoo mbili badala ya moja.

Usafi ukizungumzwa, watu wa Kaskazini hupenda kuitaja Moshi, na wana haki. Wenzetu wamejijengea jina kwa faini ya 50,000 inayotozwa kweli anayetupa ovyo. Babati nayo ina Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ya taifa zima, na imeonyesha inaweza kujiandaa: tarehe 14 Oktoba 2023 ilipokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Ila faini na siku maalumu zinamgusa anayetupa. Hazijazi tangi la gari.

Narudi kwenye kiroba. Kipande cha wavu wa kuchekechea kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao, kile mafundi ujenzi wanachotumia, kikiwekwa kando ya kila kizimba, mchanga ungebaki mtaani ulikotoka na kujaza mashimo ya barabara hiyohiyo. Fundi seremala yeyote atakitengeneza kwa siku moja. Kwa upande wa chupa, kila wiki malori ya soda na maji yanaingia Babati yamejaa, yanashusha, yanarudi Arusha na nafasi tupu nyuma. Swali la nauli ya kurudi na marobota ya chupa linastahili kupelekwa kwa wenye malori hayo, na mtu wa kulipeleka ni afisa biashara wa mji, akiwa ameongozana na wenye mizani.