Filamu za Kutisha za Zamani: Je, Zastahili Kutengenezwa Upya?

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo yatufaa leo tunapolijadili jambo linalozungumzwa sebuleni, kambini na katika vibanda vya video. Kila mwaka watengenezaji sinema wa ng'ambo huzichimbua filamu za kutisha za enzi za babu zetu, wakazivika mavazi mapya na kuzitia sokoni tena. Wapo wasemao kwamba huo ni uvivu wa akili na tamaa ya fedha. Wapo pia wasemao kwamba hadithi njema haichakai, bali husubiri msimuliaji mwingine. Ni nani kati yao aliye na haki?

Ndugu msomaji, usidhani kwamba swali hili ni la wakazi wa Kigali peke yao, waishio karibu na majumba makubwa ya sinema. Mtu wa Nyakabuye, wilayani Rusizi, karibu na chemchemi za Amashyuza, humbidi asafiri kutwa nzima kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe ili ayafikie majumba hayo. Kwa hiyo filamu ndiyo imfuatayo yeye, ndani ya simu, kwenye televisheni, au katika kidude kidogo cha kuhifadhia picha kinachopita mkono kwa mkono. Jioni askari aliye likizoni huketi na mkewe, wanawe na pengine mama mkwe mbele ya kioo kimoja. Akiangalia yeye, wameangalia wote. Ndiyo maana thamani ya filamu za namna hii ni suala la nyumba nzima.

HADITHI ILIYOKATAA KUFA

Tuanze na mfano mkongwe. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza filamu isiyo na sauti iitwayo Nosferatu, ihusuyo maiti hai anyonyaye damu za watu. Kisa hicho alikitwaa katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyochapwa mwaka 1897, bila idhini ya wenye haki. Mjane wa Stoker alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziharibiwe. Lakini baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka, na kwa njia hiyo filamu ikaokoka. Mwongozaji Werner Herzog aliitengeneza upya mwaka 1979, na Robert Eggers akafanya hivyo tena mwaka 2024.

Kwa nini watu watatu, katika muda wa miaka mia moja na ushei, warudie kisa kile kile? Murnau alisema na watu waliokuwa wametoka katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na katika homa kali ya mafua iliyofuata, na mnyonyadamu wake huingia mjini pamoja na panya na tauni. Zimwi la Herzog, kinyume chake, ni kiumbe mpweke, aliyechoka kwa kuwa hawezi kufa. Mifupa ni ile ile, ila nyama imebadilika.

Hali kadhalika filamu ya The Fly ya mwaka 1958, ihusuyo mtaalamu aliyechanganyika na inzi katika mtambo wake. Katika filamu hiyo ya kwanza, mtu yule anatoka mtamboni akiwa tayari ana kichwa cha inzi. David Cronenberg alipoitengeneza upya mwaka 1986, alimfanya mtu huyo aharibike kidogo kidogo, siku baada ya siku, huku mwanamke ampendaye akimtazama na asiweze kumsaidia. Miaka hiyo UKIMWI ulikuwa ndio kwanza unajulikana, na watazamaji wengi waliyaona humo mateso ya nyumba yenye mgonjwa asiyepona. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa kuwapamba waigizaji, lakini wengi waliiheshimu zaidi kwa huzuni yake. Hapa filamu ya pili iliona jambo ambalo ile ya kwanza haikuliona.

NAKALA ISIYO NA ROHO

Si kila mrudiaji aliyefaulu. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa filamu ya Psycho, aliyoitengeneza kwa dola za Marekani zipatazo 800,000, kiasi kidogo kwa mtu wa hadhi yake. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia karibu picha kwa picha na neno kwa neno, akiwatumia waigizaji wapya na kuongeza rangi. Matokeo yake yalikuwa kama mtu aliyekariri sala asiyoijua maana. Watazamaji walijua mapema ni nani atakayeuawa na ni mahali gani, na mtengenezaji hakuwa na jambo jingine la kuwaambia. Ya kale iliyonakiliwa tu haina faida, hasa ikiwa ile ya kwanza ingali inapatikana na ingali inatisha.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. John Carpenter alipotoa The Thing mwaka 1982, akikirudia kisa kilichokwisha kutengenezewa filamu mwaka 1951, wahakiki wengi waliibeza na mapato yake yakawa haba. Leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile bora kabisa za aina yake.

MTU ASIYEONEKANA

Mfano uwahusuo sana wasomaji wetu wa jeshi la polisi ni ule wa The Invisible Man. Filamu ya kwanza ilitolewa mwaka 1933 na James Whale kutokana na riwaya ya H. G. Wells. Ilimhusu mwanasayansi aliyegundua dawa ya kumfanya asionekane, akarukwa na akili na kuanza kuua. Mtazamaji wa siku zile alikwenda kuona maajabu ya kamera, yaani suruali itembeayo yenyewe na bandeji zinazofunguliwa zikiwa hazina kichwa ndani yake.

Mwaka 2020 Leigh Whannell alikigeuza kisa hicho. Safari hii anayefuatwa ndiye kiini cha hadithi: mwanamke aliyetoroka usiku kutoka nyumba ya mwanamume mwenye kumtesa. Anasikia kwamba mwanamume huyo amekufa, kisha anaanza kuhisi kuwa yumo chumbani pamoja naye. Anawaeleza ndugu na jamaa, nao wanamwona kuwa amechanganyikiwa. Filamu hiyo iligharimu dola milioni 7 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 100.

Askari wa zamu apokeaye mashitaka ya nyumbani analijua zimwi hilo. Mara nyingi mwanamke apigwaye huja bila shahidi, na mume wake ni mtu aheshimiwaye na majirani. Ubaya wa mume huyo hauonekani na mtu yeyote isipokuwa yule anayeupata. Nchi yetu ilitunga sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia mwaka 2008, na mwaka 2009 kituo cha Isange kilianzishwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, ili mwathirika apate daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Filamu haiwezi kuifanya kazi ya kituo kama hicho. Lakini mtu aliyeitazama kwa makini huenda akafikiri mara mbili kabla ya kumwambia dada yake kwamba anajitungia maneno. Kama filamu iliyotengenezwa upya yaweza kuleta mabadiliko hayo moyoni, basi imestahili gharama yake.

SISI NASI TUNARUDIA

Baadhi ya watu hudhani kwamba kurudia hadithi za kutisha ni desturi ya Hollywood. La hasha! Wakati wa ukoloni ilienea Afrika Mashariki habari ya mumiani, watu waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Mjini Nairobi na Kampala lawama iliwaangukia wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi habari hizo zilivyobadilika kwa kufuata mahali na wakati. Kila mahali kisa kilitengenezwa upya, kikapewa sura ya kile kilichowatisha watu wa hapo: serikali ngeni, kazi za kulazimishwa, au sindano ya daktari wasiyemfahamu. Huko Pemba na Unguja mwaka 1995 hofu ya popobawa iliwatoa watu vitandani, wakalala nje kwa makundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Tanzania alitengeneza filamu za Nsyuka na Shumileta, ambamo majini na wafu wanaishi katika nyumba na mitaa ambayo mtazamaji wa Dar es Salaam anaijua.

Na hapa Rwanda tunayo agasobanuye. Msimuliaji huitwaa filamu ya kigeni, akaifunika kwa sauti yake ya Kinyarwanda, akieleza, akitania, akiwapa wahusika majina na tabia za jirani zetu. Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga na kufariki mwaka 2022, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Uganda wanao wenzao waitwao vijei, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wenye kuidharau kazi hii na wakumbuke kwamba mwaka 1930, kampuni ya Universal ilipokuwa ikitengeneza Dracula kwa Kiingereza mchana, kundi jingine liliingia usiku katika majengo yale yale na kuitengeneza kwa Kihispania. Wapo wahakiki wanaoiona ile ya usiku kuwa bora zaidi kwa ufundi wa kamera. Lugha mpya nayo ni namna ya kutengeneza upya.

Hata hivyo, msimuliaji hubeba dhamana. Neno moja la mzaha lililotiwa mahali pa kilio laweza kumfundisha mtoto kucheka mtu anapochinjwa.

HOFU SI MCHEZO KWA WOTE

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha mashauri yetu. Filamu ya kutisha humfaa mtu ambaye, taa ikiwashwa, anajua kwamba yaliyopita yalikuwa mchezo. Lakini katika nchi iliyopitiwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wapo waliokwisha kuyaona kwa macho yao mambo ambayo hayathubutu kuwekwa kwenye kioo. Panga likiinuliwa katika filamu, kijana husisimka, na kumbe shangazi aliyeketi nyuma yake amerudishwa mahali asipotaka kurudi. Hali kadhalika askari aliyetumwa kulinda amani Darfur au kwingineko huenda asiseme neno, bali atainuka na kutoka nje. Asichekwe wala asiitwe mwoga.

Kasoro kubwa ya filamu nyingi zinazotengenezwa upya siku hizi ni kudhani kwamba ya zamani haikutisha kwa sababu ilikuwa na damu kidogo. Mtengenezaji huongeza damu, huongeza kelele, na hofu yenyewe ikapungua. Wakongwe walijua kwamba kivuli ukutani na mlango uliofunguka nusu hutosha. Bibi zetu walilijua hilo pia: walipotusimulia habari za zimwi liigalo sauti ya mama mlangoni, hawakueleza meno yake, bali waliiga ile sauti tu, nasi tukasogeleana.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba zinastahili, lakini si zote. Filamu iliyotengenezwa upya na ipimwe kwa maswali matatu. Je, imeitambua hofu ya watu wa leo, au inatikisa mifupa ya jana? Je, ina jambo la kuongeza ambalo ile ya kwanza haikusema? Je, inamheshimu anayeumia, au inamgeuza kuwa kichekesho? Ikishindwa yote matatu, ni heri kuitafuta ile ya zamani.

Wazazi nao wanaombwa wazingatie mambo machache. Kwanza, mzazi aitazame filamu peke yake kabla ya kuwaita watoto, wala asitegemee picha iliyo juu ya kifuniko. Pili, watoto wadogo wasiachwe mbele ya filamu hizi usiku, na asubuhi mtoto aliyeshindwa kulala aulizwe kwa upole aliona nini. Tatu, kabla ya kuanza, kila mtu aliyemo chumbani apewe nafasi ya kukataa bila kutoa sababu, na mkubwa wa nyumba awe wa kwanza kuheshimu kukataa huko. Nne, katika siku za maombolezo zianzazo tarehe 7 Aprili filamu hizi ziwekwe kando kabisa.

Mwisho, usiku ambao umeme umekatika, baba au nyanya na asimulie hadithi moja ya zimwi kama alivyoisikia utotoni. Kisha watoto waachwe waisimulie upya kwa maneno yao wenyewe. Hapo mzazi atasikia ni nini kinachowatisha watoto wake siku hizi, na huenda akagundua jambo la shuleni au la njiani ambalo hawakuwahi kumwambia.