Spana, Parafujo na Jeki: Zana za Kutengenezea Gari Nyumbani na Majina Yake

Aghalabu lugha ya gereji huachwa nje ya darasa la Kiswahili, kana kwamba mafuta yaliyozipaka zana yataichafua lugha pia. Makala haya yanazitazama baadhi ya zana ambazo mwenye gari huzihitaji anapolitengeneza mwenyewe nyumbani, pamoja na majina yake, maadamu jina la zana mara nyingi huhifadhi maarifa ya kazi.

Spana ndiyo inayotangulia. Fundi huiita kwa namba: "Nipe kumi na mbili." Namba hiyo ni upana wa kichwa cha bolti kwa milimita, wala si unene wa bolti yenyewe. Bolti yenye unene wa milimita 8 huwa na kichwa cha 12 katika magari mengi ya Kijapani, ilhali katika mengi ya Kijerumani kichwa hicho ni 13. Kwa hiyo mwenye Toyota atazitumia sana namba 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Namba 13 italala sandukuni. Bolti ikishika kutu, itangulizwe spana yenye kichwa cha duara, kwani huizunguka bolti nzima. Yenye mdomo wazi hushika pande mbili tu.

Ipo pia spana ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa ili uenee kila kichwa. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita spana malaya. Sitiari hii haistahili kupitwa kwa kicheko. Kikazi, jina ni hukumu: taya moja ya spana hii huchezacheza, nayo huteleza na kuzila pembe za bolti. Inayomfaa kila mmoja haimshiki yeyote barabara. Kijamii, hata hivyo, tusi limetwikwa mwanamke, na msichana anayejifunza ufundi hulisikia, pengine hulitamka, kila siku kazini. Mwalimu anayelikwepa jina hili kwa haya, asitoe jingine linalotamkika upesi, hajatatua lolote. Amewaachia wanafunzi lile lile.

Parafujo ni neno lenye asili ya Kireno. Skurubu likaja na Kiingereza. Bisibisi ndiyo ya kuzifungua, ingawa katika gereji nyingi husikika skrudraiva. Tahadhari moja yatosha: msalaba ulio kwenye parafujo za magari ya Kijapani unafanana na ule wa Phillips, lakini haulingani nao. Bisibisi ya Phillips isipozama hadi chini huteleza na kuuharibu msalaba huo.

Miongoni mwa zana za umeme, grenda ndiyo ya kuchungwa zaidi. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 kwa kawaida huundiwa mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Wapo wanaoing'oa kinga ya grenda ndogo ili diski kubwa ienee. Diski hiyo ikipasuka, vipande vyake havichagui pa kwenda.

Jeki nayo imepewa kazi isiyo yake. Jeki ya mafuta hushikiliwa na mpira mdogo unaozuia mafuta yasirudi. Mpira ukichakaa, gari hushuka bila ilani. Baada ya kuinuliwa mahali palipo sawa na pagumu, gari liegemezwe juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyosalia chini yatiwe kabari. Matofali hayafai, kwa sababu hupasuka ghafla. Kiswahili kina vitenzi viwili vya kutosha hapa: jeki huinua, stendi hutegemeza. Maelezo ya ufundi yanayoandika "kuinua" kwa zana zote mbili yanaweza kumlaza msomaji chini ya gari linaloshikiliwa na mpira mmoja tu.