Moto wa Majani na Moto wa Nyumbani

Aliyepata kusafiri bara hata Mwanza katika miezi ya Julai na Agosti haachi kuukumbuka moshi. Majani ya Usukumani wakati huo yamekauka kama makuti, na jioni mtu huona mistari ya moto vilimani. Mgeni hudhani radi imepiga. Sivyo, mara nyingi moto huo umewashwa na mtu kwa kusudi lake, kisha ukamshinda.

Radi nayo ipo, wala si haba. Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa duniani. Usiku pepo za nchi kavu hushuka kutoka kila upande, zikakutana juu ya maji yenye vuguvugu, zikapanda na kufanya mawingu ya ngurumo. Wavuvi wa Ukerewe wazijua vema. Lakini radi kwa kawaida huja na mvua, na mvua huuzima moto. Hatari yake kubwa ni pale mvua za kwanza zinapoanza, majani yangali makavu, au inapopiga paa la nyasi.

Mioto mingine yote ni ya binadamu. Mchungaji huchoma ili majani mabichi yachipuke. Mkulima huchoma kusafisha shamba. Mrina asali huacha kinga chini ya mti. Mchoma mkaa ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwani tanuri huwaka ndani kwa ndani siku nyingi, na hata mkaa uliokwisha tiwa guniani waweza kuwaka tena ukipata hewa.

Ufukweni kuna sangara. Samaki huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, naye ana mafuta mengi. Hakaushiki kwa jua kama dagaa, hivyo hukaushwa kwa moshi au kukaangwa. Mafuta yakidondoka katika makaa, mwali hupanda mara moja, na vibanda vya nyasi katika kambi za wavuvi vimesongamana. Tena mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka bara, basi aliyelala akidhani moto uko upande salama aweza kuamka umemgeukia.

Nyumbani mambo ni yale yale kila mahali: koroboi karibu na chandarua, taa kujazwa ikiwaka, mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli, waya mwembamba wa umeme kubebeshwa vyombo vingi. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji, maana yatarusha moto jikoni kote. Funika kwa kifuniko au gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilaya ya Kyerwa, magharibi ya ziwa, watoto 10 walikufa bwenini kwa moto. Aliyelala haamshwi na harufu ya moshi. Moshi humlewesha kwanza.

Kwa nini kuyaandika haya katika gazeti la wakulima wa karafuu? Kwa sababu hasara si moja. Majani ya Usukumani yakiungua, mvua ya kwanza huyarudisha. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hata 8, na kuzaa kwa ukamilifu hungoja miaka 15 au zaidi. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na waliopanda upya walijua maana ya kungoja. Nao mti huu hauvumilii moto: gome lake ni jembamba, mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, na majani yake, hata yaliyoanguka, yana mafuta. Moto mdogo uliopita chini bila kugusa tawi waweza kuuua polepole.

Kwetu wakati wa kuogopa ni kaskazi, Januari na Februari. Taka za shamba zisichomwe chini ya mikarafuu. Zikusanywe mahali peupe palipopaliliwa pande zote, ziwashwe asubuhi kabla upepo haujaamka, na jirani aarifiwe tangu jana yake. Majivu yamwagiwe maji na kukorogwa, kisha yamwagiwe tena, hata mtu aweze kuyashika kwa mkono mtupu.