Tulinde Nuru Iliyosalia: Kisukari, Macho na Tiba ya Leza

Jicho la mwenye kisukari huharibika kimya kimya. Haliumi wala haliwi jekundu. Mama husoma msahafu wake leo kama alivyousoma jana, ilhali mishipa myembamba ya damu katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imekwisha kuanza kuvuja. Baadaye huchipuka mishipa mipya dhaifu, ikapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hapo ndipo wengi wetu hukumbuka daktari.

Katika tiba ya leza, mwale wa mwanga huchoma vidoa vidogo pembezoni mwa retina ili mishipa hiyo mipya inyauke. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka 1976, ulionyesha kuwa tiba hii hupunguza hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa nusu au zaidi. Lakini ifahamike kuwa leza hulinda nuru iliyosalia. Aghalabu hairudishi iliyokwisha potea. Huenda pia ikapunguza kidogo uoni wa usiku na wa pembeni. Wanazuoni wa fiqhi wanaijua kanuni hii: dhara dogo huvumiliwa ili kuepusha kubwa.

Kwa jamaa zetu wa Meru na Embu, mtihani mwingine ni safari. Kila mji una hospitali ya rufaa ya kuanzia, lakini anayetumwa Nairobi, au kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Embu na zaidi ya 200 kutoka Meru. Na kwa kuwa dawa ya kupanua mboni hufifiza macho kwa saa kadhaa, mgonjwa huhitaji wa kumshika mkono. Basi enyi waume na watoto, nauli ya mama na mtu wa kumsindikiza ni haki yake juu yenu, si hisani.

Jirani na Embu, kaunti ya Kirinyaga, watafiti walijaribu jambo jepesi: wagonjwa wa kisukari wenyewe wahimizane katika vikundi vyao. Waliokwenda kupimwa macho wakaongezeka mno. Darsa zetu za akina mama zashindwaje kufanya hivyo?

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe macho mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Aliyekuwa na kisukari kabla ya kushika mimba apimwe mapema, kwani mimba huweza kuuharakisha ugonjwa huu. Wala Ramadhani isiwe kisingizio: mwaka 1997, huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliamua kuwa matone ya macho hayafunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni.

Subira juu ya upofu ina malipo makubwa kwa Mola. Lakini subira huja baada ya kujitibu, si badala yake.