Ada ya Wangazija kwa Macho ya Mtu wa Ujiji

Baina ya pwani ya Msumbiji na kisiwa cha Bukini vimesimama visiwa vinne vilivyozaliwa na moto wa chini ya bahari, navyo ni Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Na juu ya Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote, umeketi mlima Karthala wenye kimo cha mita 2,361, ambao hata leo haujazimika, kwani mwaka 1977 ulitapika uji wa moto ukateremka hadi kijiji cha Singani ukakiharibu.

Mtu atokaye Ujiji, aliyepanda garimoshi Kigoma na kuikata nchi nzima hata Dar es Salaam ndipo akavuka bahari, hudhani kwamba litakalomshangaza ni huo mlima. Kumbe ni maji. Sisi tumelelewa kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, tukiteka na kunywa, tukifua na kuvua, wala hatukuzoea kuhesabu ndoo. Ama Ngazija, ijapokuwa mvua yake ni nyingi, haina mto udumuo mwaka mzima, kwa sababu jiwe la volkano lina vitundu na hunywa kila tone lishukalo, hata wahenga wao wakalazimika kujenga birika majumbani na misikitini ili kuyahifadhi maji ya mbinguni. Basi watu hao hao wapimao maji kwa kata, ifikapo siku ya ada, hutoa pasipo kupima, na ni katika hilo nilipoiona roho ya kaumu hii.

Ada ni arusi kubwa ambayo kila mwanamume wa Ngazija mwenye kujali murua wake hutarajiwa kuitimiza kabla ya kufa. Nayo si arusi ya kuanzia maisha, maana mara nyingi bwana arusi ni mtu mwenye mvi, aliyekwisha kumwoa mke yule yule kwa nikahi ndogo miaka mingi nyuma na kuzaa naye watoto. Huulisha mji wake wali na nyama ya ng'ombe, humvisha bibi arusi dhahabu, huwagawia wazee na marika fedha kwa kadiri iliyokatwa na desturi, na karamu na twarabu hufuatana siku baada ya siku. Msimu wenyewe ni Julai na Agosti, wakati wana wa visiwa waishio Marseille na miji mingine ya Ufaransa warudipo kwao na akiba ya miaka. Wala hakuna ajitengaye, maana aliyekula katika ada za wenzake naye hudaiwa kuwalisha.

Mwenye kuitimiza hutoka katika daraja la wana wa mji akaingia katika daraja la watu wazima, na aliyebaki nyuma, hata akiwa na miaka 60 na elimu ya chuo kikuu, huhesabiwa bado kijana. Mahali pa kuliona jambo hili ni bangwe, uwanja wa mji uliozungukwa na viti vya mawe, ambako kila mtu ajua apaswapo kukaa: mwenye ada, shali yake ya mharuma begani, hutangulia kusema, na asiyekuwa nayo hunyamaza mambo ya mji yakiamuliwa, na siku ya Ijumaa safu ya mbele msikitini ni ya wale wa kwanza. Nilikumbuka baraza zetu za Ujiji, ambapo mvuvi wa dagaa aliyepumzishwa na mbalamwezi huketi ubavuni mwa hakimu, na yeyote mwenye hoja huisema.

Lakini liko jambo lililonivuta kuliko yote, nalo ni nyumba. Binti wa Kingazija bado mdogo, baba yake na wajomba zake huanza kumjengea nyumba ya mawe, leo ukuta na mwakani dari, mpaka siku ya arusi yake mume ahamie humo. Na nyumba ni ya mke. Kadhalika yapo mashamba yaitwayo manyahuli, yanayorithiwa kwa upande wa mama na yasiyouzwa. Ikitokea talaka, abebaye sanduku lake na kutoka ni mwanamume.

Sikatai kwamba gharama za ada hunisikitisha, kwa kuwa mtu aweza kufanya kazi ughaibuni nusu ya umri wake, kisha jasho lote likatoweka katika wiki chache. Ali Soilihi, aliyetawala baada ya uhuru wa mwaka 1975, aliipiga marufuku kwa hoja hiyo hiyo. Akapinduliwa Mei 1978, na ada ikarudi. Aipimaye kwa sinia za wali tu haitendei haki, maana katika miji mingi sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyojenga msikiti, skuli na barabara.

Mzee mmoja wa bangwe, aliyekipata Kiswahili chake Unguja, aliniuliza, "Mwanangu, huko kwenu mtu huwa mtu mzima kwa lipi?" Nikamwambia kwamba Ujiji ni mji wa wenyeji na watu wa kuja, Wajiji na Waha, Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa, Waswahili wa Mrima na Waarabu, ambao hakuna aliyeweza kuwawekea daftari moja la kupeana na kulipana, hivyo tulitazama dini na elimu, nikamtajia Sheikh Ramiya, aliyetolewa Manyema akiwa mtoto mtumwa, akafikishwa Bagamoyo, na kwa elimu yake akaja kuwa khalifa wa tarika ya Kadiria. Akafurahi sana, akamwombea rehema. Kisha akauliza, "Na mabinti zenu, wakiachwa, hulala nyumba ya nani?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hurudi kwa wazazi wao, na waliofiwa na wazazi hupanga chumba katika mitaa ya Mwanga au Gungu."